Fedha Mkononi mwa Maskini

Mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wajumbe wa halmashauri ya parokia





Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo huzua ubishi kila mara linapotajwa katika vikao vyetu. Je, yafaa kumpa maskini fedha taslimu mkononi, tena bila kumwamuru azitumie vipi? Wengi wetu tumelelewa katika desturi nyingine ya kusaidia. Familia ikikumbwa na njaa, tunapeleka unga. Mtoto akikosa sare, tunanunua sare. Paa likivuja, vijana wa parokia wanakwenda na nyundo na misumari. Wenye umri mkubwa kati yenu wanayakumbuka mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo wakati wa ukame wa mwaka 1984. Hakuna aliyetuuliza kama tulizoea kuyala, nasi tulishukuru, tukayasaga.

Desturi hiyo imeokoa watu, wala sikuja hapa kuidharau. Lakini ndani yake imejificha hukumu moja ambayo hatuitamki: kwamba mtoaji anayajua mahitaji ya nyumba kuliko yule anayeamka ndani yake kila asubuhi. Hukumu hiyo ndiyo ninayotaka tuichunguze leo, na tuichunguze kwa mambo yaliyotendeka hapa hapa Kenya, katika nchi ya Siaya iliyo kando ya Ziwa Viktoria, kwa maana huko ndiko jambo hili lilikopimwa kwa uangalifu kuliko karibu mahali pengine popote duniani.

Tuingie kwanza katika nyumba yenyewe. Chukueni kaya ya kawaida ya kijijini: mama, baba au bibi, watoto watano, shamba la ekari moja au pungufu, nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Simtaji mtu, kwa sababu kila mmoja wenu ana nyumba kama hiyo katika jumuiya yake. Mahindi hupandwa mwezi wa Machi mvua ndefu zinapoanza, nayo huvunwa Julai au Agosti. Siku za mavuno bei ya sokoni huwa chini, kwa kuwa kila mtu anauza. Familia hii nayo haina budi kuuza wakati huo huo, maana karo inadaiwa, deni la dukani linadaiwa, na mtoto mmoja ana homa. Ikifika Aprili na Mei ghala ni tupu, na watu wale wale wanarudi sokoni kununua mahindi kwa gorogoro, kwa bei iliyokwisha kupanda. Ili wapate fedha za gorogoro hiyo, mama na watoto wakubwa huenda kufanya kibarua katika shamba la jirani. Wanalipalilia shamba la jirani katika majuma yale yale ambayo shamba lao linahitaji jembe. Magugu hayamngoji mtu. Kwa hiyo njaa ya mwaka huu inapunguza mavuno ya mwaka huu, na mavuno hayo machache yanaandaa njaa ya mwaka ujao. Asemaye kwamba watu hawa ni wavivu na azihesabu kwanza saa wanazofanya kazi.

Umaskini nao una gharama zake, ambazo mwenye mshahara hazijui. Anayenunua mafuta ya kupikia kwa kikombe, sabuni kwa kipande na majani ya chai kwa pakiti ndogo ya siku moja, mwisho wa mwezi amelipa zaidi kuliko yule aliyenunua kwa wingi. Tazameni hata lile paa la nyasi. Watu hulisema kuwa ni la bure, lakini hulazimu kubadilishwa au kutiwa viraka kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa adimu kadiri ardhi ilivyolimwa yote, hivyo hununuliwa, na fundi hulipwa. Kati ya ukarabati mmoja na mwingine mvua inapita, mahindi yaliyohifadhiwa yanaota ukungu, na madaftari ya watoto yanalowa. Mabati yangedumu miaka mingi, tena yangekinga maji ya mvua na kumpunguzia mama safari za kisimani. Kila mwanakijiji anaijua hesabu hiyo, hahitaji semina. Kinachomkwamisha ni kwamba mabati hutaka fedha nyingi kwa siku moja, naye hupata shilingi mia mbili leo na mia kesho, na kabla hazijakusanyika ugonjwa au msiba umezichukua.

Sasa nije kwenye yaliyotokea Rarieda. Mwaka 2009 wanafunzi kadhaa wa uchumi katika vyuo vikuu vya Marekani walianzisha shirika liitwalo GiveDirectly, maana yake shirika la kutoa moja kwa moja. Walianzia magharibi mwa Kenya, na walichotumia ni simu. Kwa kuwa M-Pesa ilikuwa imeanza nchini tangu mwaka 2007, iliwezekana kumtumia mtu wa kijijini fedha bila kupitia mikono mitano ya kati. Alama yao ya kuutambua umaskini ilikuwa ile ile niliyoitaja: paa la nyasi. Vijiji na kaya zilichaguliwa kwa kura, baadhi zikapata na nyingine hazikupata, ili baadaye waweze kulinganishwa. Kaya nyingine zilipewa jumla ya shilingi 25,200, nyingine shilingi 95,200. Nyingine zilipewa kidogo kidogo kila mwezi, nyingine kwa mkupuo mmoja. Pengine fedha zilitumwa kwa mume, pengine kwa mke. Wala hapakuwa na sharti lolote la matumizi.

Wachunguzi wawili, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, walizifuatilia kaya hizo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2016. Msikilizaji mwangalifu akumbuke kwamba Shapiro alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika lenyewe. Hata hivyo hesabu zao zimewekwa wazi, na wengine wamezipima baada yao.

Walikuta nini? Mali za kaya zilizopata fedha, yaani mifugo, samani, akiba na mengineyo, ziliongezeka kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za kaya zilizokosa. Wengi waliezeka mabati. Wengi walinunua ng'ombe, mbuzi na kuku. Siku za kulala na njaa zilipungua. Waliopata kidogo kidogo kila mwezi walielekea kuboresha chakula. Waliopata kwa mkupuo walielekea kununua vitu vya kudumu. Maskini, bila mshauri yeyote, walifanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelifanya na kiasi alichopewa.

Yapo mengine ambayo sisi wa Haki na Amani tunapaswa kuyasikiliza kwa makini zaidi. Watu waliopata fedha walionekana kupungukiwa na wasiwasi na huzuni nzito. Tena katika nyumba hizo vipigo dhidi ya wanawake vilipungua. Mara ngapi tumekaa katika vikao vya usuluhishi, tukawasihi mume na mke wavumiliane, wakati ugomvi wao ulianzia kwenye sufuria tupu? Sitaki kumtetea mwanamume anayempiga mkewe kwa kisingizio cha njaa, hana utetezi. Ila anayehubiri amani ya nyumba bila kuitazama sufuria amefanya nusu ya kazi.

Jambo moja litawashangaza akina mama waliopo hapa, maana hata mimi lilinishangaza. Tulizoea kusema kwamba fedha zikiwa mkononi mwa mama zitalisha watoto, na zikiwa mkononi mwa baba zitapotea. Huko Rarieda, katika mambo mengi yaliyopimwa, tofauti kati ya kumpa mke na kumpa mume ilikuwa ndogo. Bado naona ni heri mama awe na fedha kwa jina lake, kwa sababu za heshima na usalama wake. Lakini akina baba wa kijijini wamesingiziwa kidogo.

Ndipo tufike kwenye lile neno linalosemwa kwa sauti ya chini baada ya kikao kufungwa: watazinywa. Huko Rarieda matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Na mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya chunguzi 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakitafuta jibu la swali hilo tu. Kwa ujumla hawakuona kwamba fedha za msaada ziliongeza ulevi. Mahali pengine pombe ilipungua. Sisemi kwamba hakuna mlevi hata mmoja aliyepata fedha hizo. Walevi wapo hata katika nyumba zenye mishahara, wala hatujawahi kudai kwamba walimu au makarani walipwe magunia ya unga badala ya fedha kwa sababu baadhi yao hunywa. Kwa nini basi tunalidai hilo kwa mjane?

Kuna hofu nyingine iliyo na uzito zaidi, nayo ni hofu ya mwenye duka na ya jirani. Kijiji kikimwagiwa fedha, je, bei hazitapanda na kumwumiza yule aliyekosa? Swali hili lilijibiwa kwa uchunguzi mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2014, katika vijiji 653 vya Siaya, kaya zaidi ya 10,500 zilipewa takriban shilingi 87,000 kila moja, kiasi kilicholingana na dola 1,000 za Marekani wakati ule. Vijiji vilivyopata na visivyopata vilipangwa kwa kura, na bei za sokoni zikaandikwa miezi na miezi. Bei zilipanda kidogo mno, kwa wastani wa kama sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Na kila shilingi iliyoingia ilizaa takriban shilingi mbili na nusu katika uchumi wa mahali pale.

Inawezekanaje? Mama aliyepata fedha alimlipa fundi wa mabati. Fundi naye akanunua mahindi kwa jirani na kulipa karo. Jirani akapeleka baiskeli kwa mtengenezaji, na mwenye mashine ya kusagia, ambaye zamani alikaa nusu siku akingoja wateja, sasa akasaga tangu asubuhi. Mashine ilikuwepo, mikono ilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa ni mnunuzi. Ndiyo maana hata kaya ambazo hazikupewa kitu ziliongeza matumizi yao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022, na nadhani kila mjumbe wa halmashauri anayesema kwamba msaada wa fedha huleta uvivu angefaa kuyasoma mara mbili.

Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 2025, watafiti wa kundi hilo hilo walitoa taarifa iliyohusu watoto wachanga wa Siaya. Katika kaya zilizopata fedha, vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Hapakuwa na dawa mpya wala daktari mpya. Akina mama waliweza kujifungulia katika vituo vya afya badala ya nyumbani, walikula vizuri zaidi, na katika miezi ya mwisho ya ujauzito na majuma ya kwanza baada ya kujifungua walipunguza kazi nzito. Yule mama niliyemtaja, aliyekuwa akipalilia shamba la jirani, sasa aliweza kukaa nyumbani na mtoto wake.

Lakini sikilizeni na upande wa pili wa taarifa hiyo. Faida ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo kituo cha afya kilikuwa karibu na kilikuwa na wahudumu. Na fedha zilipokwisha, vifo vilielekea kurudi katika hali ya zamani. Fedha mkononi mwa mama haziwezi kujenga zahanati, wala kumwajiri muuguzi, wala kutengeneza barabara ya kumfikisha huko. Hata kule Rarieda, elimu ya watoto na afya yao kwa jumla hazikubadilika sana katika miezi michache iliyopimwa. Kwa hiyo mwanasiasa akisimama jukwaani na kusema kwamba wananchi wametumiwa pesa kwa simu, basi wasiulize habari za dawa, msimpigie makofi.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia iliyo tofauti kidogo. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na mfuko wa TASAF, malipo yaliambatanishwa na masharti: watoto wahudhurie shule, na wadogo wapelekwe kliniki. Majaribio yalifanyika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na malipo yakaanza mwaka 2010. Kufikia mwaka 2015 kaya zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeandikishwa nchini kote. Katika majaribio hayo kaya nyingi zaidi zilijiunga na mfuko wa afya ya jamii, zilinunua kuku na mbuzi, na watoto wengi zaidi walipata viatu. Mnaweza kuona kiatu ni kitu kidogo. Aliyemtibu mtoto mwenye minyoo ya safura iliyoingilia kwenye nyayo hatakiona hivyo. Kuhusu masharti yenyewe, maoni yangu ni haya: sharti la kwenda kliniki lina haki pale tu kliniki ilipo. Kumkata mama fedha kwa sababu hakufika katika kituo kilicho umbali wa saa nne kwa miguu ni kumwadhibu kwa kosa la serikali.

Sasa naingia katika sehemu inayotuhusu sisi viongozi kuliko nyingine zote, nayo ni orodha. Fedha zikija kijijini, swali la kwanza ni nani aandikwe. Orodha ndiyo inayoleta furaha, nayo ndiyo inayoleta uadui. Katika uchunguzi wa awali wa Rarieda ilionekana kwamba mtu aliyekosa, akiona wenzake wamepanda, aliyaona maisha yake mwenyewe kuwa yameshuka, ingawa hakupoteza hata senti. Tusimcheke. Fikirini nyumba mbili zinazopakana, zote za udongo. Moja inaezekwa mabati yanayong'aa, nyingine inabaki na nyasi, na sababu pekee ni kwamba mwandikishaji alipita siku ambayo mwenyewe alikuwa kwenye kibarua.

Kanisa limelijua tatizo hili tangu siku zake za mwanzo kabisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, kinasimulia jinsi wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walivyokuwa wakiachwa nyuma katika mgao wa kila siku, na jinsi manung'uniko yalivyozuka. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliitisha mkutano wa wote, wakaruhusu jumuiya ichague watu saba wa kuusimamia mgao. Someni majina ya hao saba: yote ni ya Kiyunani. Inaonekana jumuiya ile iliwatafuta wasimamizi miongoni mwa upande uliokuwa umesahauliwa. Je, katika kamati zetu za misaada yupo mjane hata mmoja? Yupo mtu mwenye ulemavu? Au tumejaa sisi wenye viti vya mbele, ambao shemeji zetu huonekana katika kila orodha?

Uvumi nao ni kazi yetu. Kuanzia mwaka 2015, shirika lile lile lilipovuka kwenda Homa Bay, katika sehemu nyingine karibu nusu ya watu waliokuwa na haki ya kuandikwa walikataa. Ilinenwa kwamba fedha za bure haziwezi kutoka kwa Mungu, kwamba ni za waabudu shetani, kwamba mwisho wake zitadai damu ya mtoto. Maneno hayo hayakuokotwa hewani. Mtu maskini aliyekwisha kudanganywa na wanasiasa, na vyama vya kuweka na kukopa vilivyotoroka na akiba yake, ana sababu ya kukishuku kitu kisicho na bei. Lakini uvumi huo ulipita pia katika makundi ya sala, na mama zilizofunga milango ni mama ambao watoto wao walikuwa na njaa. Kiongozi wa jumuiya angeweza kwenda kuuliza, kuona karatasi, kuzungumza na chifu na waliokwisha kupokea katika wilaya jirani, kisha akarudi na kusema wazi alichokiona.

Na kushuku kuna mahali pake. Shirika hilo lenyewe lilitangaza kwamba mwaka 2022, mashariki mwa Kongo, baadhi ya wafanyakazi wake walishirikiana kuiba takriban dola 900,000 zilizokusudiwa kwa familia za maskini, kwa njia ya laini za simu walizoziandikisha wao. Pale ambapo laini ya simu ya mnufaika inakaa mfukoni mwa mtu mwingine, wizi umekwisha kuanza.

Mpaka hapa nimesema juu ya shirika la wafadhili, ambalo huja na huondoka. Lakini serikali yetu yenyewe ina wajibu usioondoka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka Serikali iwasaidie wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kabla ya Katiba hiyo, mwaka 2004, ulianza mpango mdogo wa kaya 500 zilizolea yatima, huko Kwale, Garissa na Nairobi. Baadaye wazee wakaingizwa, kisha watu wenye ulemavu mkubwa, na leo mipango hiyo inajulikana kwa jina la Inua Jamii. Katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir ukaanza mpango wa kukabili njaa kwa fedha badala ya malori ya mahindi peke yake. Mwaka 2018 wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni wakaanza kulipwa bila kupimwa umaskini wao. Katika familia zilizolea yatima, wachunguzi waliona kwamba wasichana waliopata mimba za mapema walipungua. Binti ambaye nyumbani kwao kuna sabuni, chakula na karo hana haja ya zawadi za mwendesha bodaboda.

Kwa hiyo bibi anapokwenda kuchukua shilingi 2,000 zake za mwezi, haendi kuomba. Anakwenda kuchukua kilicho chake kwa sheria. Tofauti hiyo inatubadilishia kazi. Sadaka ikichelewa hatuna wa kumshtaki. Haki ikichelewa yupo. Nayo imechelewa mara nyingi: miezi miwili ikawa minne, minne ikawa sita, huku wazee wakikopa dukani kwa ahadi ya malipo yasiyofika. Kiasi chenyewe cha shilingi 2,000 kilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuguswa, wakati bei ya unga ilipanda tena na tena. Mkate unaopunguzwa kila mwaka bila kutangazwa ni mkate ulioibwa polepole. Kaya niliyowaelezea mwanzoni haiwezi kupanga palizi wala karo kwa fedha zisizojulikana zitakuja lini. Itauza mahindi yake Agosti kama zamani, na faida yote niliyoisifu itakuwa imepotea.

Naomba basi, mkirudi katika jumuiya zenu, msiendeleze mjadala wa kama maskini anastahili kuaminiwa. Umekwisha jibiwa. Nendeni nyumba kwa nyumba mwulize nani ana umri wa miaka 70 na hajaandikwa, nani aliandikwa na hajalipwa, na tangu mwezi gani. Andikeni katika daftari moja, na mpeleke nakala kwa ofisi ya hifadhi ya jamii iliyo karibu, mkidai majibu kwa maandishi. Mzee asiye na kitambulisho asaidiwe kukitafuta sasa, kabla uandikishaji mwingine haujafunguliwa na kufungwa. Wale ambao alama za vidole vyao zimefutwa na jembe, mashine ikawakataa, wasirudishwe nyumbani mikono mitupu; mmoja wenu aandamane nao na asimame pale hadi njia nyingine ipatikane.

Na kwa bibi asiyejua kusoma, anayehitaji mtu wa kumfungulia simu na kumtajia kiasi kilichoingia, jumuiya imtafutie kijana mwaminifu. Namba ya siri abaki nayo bibi mwenyewe. Kijana huyo asiwe mtoto wa chifu, wala mtoto wa mwenyekiti wa jumuiya, wala yule mwenye duka ambalo bibi anadaiwa.